Kunoa picha za Mshtarii bila kuzua yasiyokuwepo

Mtazamaji wa Tabata

Wanajamvi, habari za jioni. Ninatumia darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 200 pamoja na kamera ndogo ya kurekodia video za sayari. Mikanda miwili mikubwa ya Mshtarii ninaipata vizuri, lakini ninapoinoa picha ili nione nyuzi na vinundu vilivyo kati yake, picha hujaa chembechembe, na ukingoni mwa sayari hujitokeza duara jembamba jeupe ambalo siliamini. Je, nipunguze kunoa, au tatizo limeanzia nyuma zaidi?

Mkaazi wa Kigamboni

Ndugu yangu, limeanzia nyuma. Chembechembe hizo hupungua kwa kurundika fremu, yaani kuziunganisha picha mojamoja za video ziwe picha moja, tena kwa kipeuo cha pili cha idadi yake: fremu 100 huzipunguza mara 10, fremu 1,000 mara 32 hivi. Iache programu ya AutoStakkert izipange fremu kwa ubora, kisha urundike zile zilizo bora tu, kwa kuwa hewa hutulia kwa kitambo kidogo na kuchafuka tena.

Usirekodi kwa muda mrefu mno, hata hivyo. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 10 hivi, na unapoonekana na upana wa sekunde 45 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), alama iliyo katikati yake husogea karibu robo sekunde ya tao kila dakika. Darubini yako haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana zaidi ya sekunde 0.58 za tao, kwa hiyo dakika mbili na nusu zikipita, mzunguko huanza kuufuta undani unaoutafuta. Ukitaka fremu zaidi, tumia programu ya WinJUPOS, ambayo huurudisha nyuma mzunguko huo kabla ya kuunganisha picha.

Mwalimu wa Fizikia, Mwenge

Ninaongezea kuhusu lile duara. Panapokutana mwanga mkali na giza, kunoa kupita kiasi huzaa mistari ya uongo, na ukingo wa sayari ndipo mahali pa hatari zaidi. Ndiyo maana katika RegiStax, programu ya kunoa picha, inafaa kupandisha tabaka moja moja (kila tabaka hunoa undani wa ukubwa wake), polepole, huku ukiutazama ukingo na si mikanda.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: rekodi video mbili zinazofuatana, uzishughulikie kila moja peke yake kwa mipangilio ileile, kisha uzilinganishe. Kinundu kinachoonekana katika moja tu kiache, hata kama kinapendeza. Hesabu ina mipaka yake. Darubini ya Hubble ilipopelekwa angani mwaka 1990 na kioo chenye kasoro, wanasayansi walizisafisha picha zake kwa njia za kihesabu za kuondoa ukungu wa picha, kama ile ya Richardson na Lucy ya miaka ya 1970, na njia hizo zilisaidia kweli. Lakini mwaka 1993 ilibidi wanaanga waende kuirekebisha.

Mkaazi wa Kigamboni

Mwalimu amesema kweli. Ndugu wa Tabata, kama unarekodi juu ya paa la zege, shuka. Zege hutoa joto la mchana hadi usiku mwingi, na hewa inayopanda hapo huisumbua picha kabla haijaifikia kamera. Simama penye nyasi, mbali na viyoyozi vya majirani, na uitoe darubini nje mapema ili kioo kipoe.