Mwaka mmoja nje: Bayreuth, Leipzig au Osaka?

Kijana wa Ubungo
Habari zenu wakuu. Nasoma Kiswahili na isimu, naingia mwaka wa tatu, kozi yetu ni ya miaka minne. Idara imetangaza nafasi za kubadilishana wanafunzi, na ninazoweza kuomba ni tatu: Bayreuth na Leipzig za Ujerumani, na Osaka ya Japani. Kote Kiswahili kinafundishwa, na ada unaendelea kulipa huku huku nyumbani. Moyo uko Osaka. Mzee anasema Ujerumani, mama anauliza tu nitakula nini. Waliopita huko nisaidieni, natanguliza shukrani.

Dada Franken
Mdogo wangu, anza na hela. Kupata viza ya masomo ya Ujerumani unaonyesha euro 992 za kila mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Ndicho kiwango tangu Septemba 2024. Asiye na ufadhili anaziweka kwenye akaunti maalumu, Sperrkonto, anaruhusiwa kutoa kidogo kidogo kila mwezi. Ukipata Erasmus+, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi, pamoja na mchango wa nauli. Piga hesabu mwenyewe: haifiki 992. Ubalozi unaweza kukudai uonyeshe hiyo tofauti, kwa hiyo usimwambie mzee kwamba kila kitu kimelipwa.

Bayreuth ni mji mdogo, treni ya kwenda Nürnberg ni kama saa moja. Saa mbili usiku maduka yamefungwa, Jumapili hayafunguliwi kabisa. Ila kwa mtu wa Kiswahili, mji una uzito wake: kuna Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Kiafrika iliyofunguliwa 1981, na kila mwaka kuna Kongamano la Kiswahili ambapo maprofesa wanaotajwa kwenye vitabu vyako wanasoma makala zao na unaweza kuwabana kwa maswali wakati wa chai.

Halafu kuna barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na redio usiwe nayo. Usiitupe. Mkiishi watu wanne analipa mmoja, mnachangiana.

Mzee wa Kikwajuni
Mwanangu, huko Leipzig usikupite hivi hivi. Siye hapa Unguja tumekulia kwenye majumba waliyotujengea Wajerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, Kikwajuni na Michenzani. Na enzi hizo wanafunzi wa nje wengi waliokwenda kule walianzia Leipzig, Herder-Institut, kujifunza Kijerumani kwanza. Mji ni mkubwa, watu zaidi ya laki sita, na Berlin ni saa moja na kitu kwa treni. Mpwa wangu yuko huko. Asemavyo yeye, Bayreuth utamjua kila mtu kabla ya Krismasi, Leipzig hutomjua jirani yako. Sasa wewe ujipime ni mtu wa namna gani.

Kansai Bongo
Naitetea Osaka. Makaratasi ni mepesi kuliko Ujerumani kwa sababu chuo chenyewe ndicho kinachokuombea uhamiaji cheti cha kustahili ukaazi, wewe unakwenda ubalozini na cheti mkononi. Ufadhili wa JASSO, shirika la Japani la kuhudumia wanafunzi, kwa wanaobadilishana ni yeni 80,000 kwa mwezi, lakini si kila anayekubaliwa anaupata, na tiketi ya ndege ni juu yako. Kazi ya muda inaruhusiwa hadi saa 28 kwa wiki, ukishaomba kibali. Idara za lugha ziko kampasi ya Minoh, na tangu Machi 2024 treni inafika karibu na mlango. Kozi za Kiingereza kwa wageni zipo. Mama mwambie wali upo kila kona, kazi ni kukwepa nguruwe kama humli.

Mwalimu Kimya
Mmemaliza hela na treni, mmeacha kozi. Kijana, swali la kwanza ni hili: idara yako itazitambua zipi utakaporudi? Ulaya mwaka mzima ni alama 60 za ECTS, yaani mfumo wa vyuo vya huko wa kuhesabu uzito wa kozi, na kabla ya kuondoka mnasaini mkataba wa masomo, wewe, chuo chako na chuo mwenyeji. Jina la kozi likibadilika baada ya hapo, badilisha na karatasi. Nimeona wanafunzi wazuri wakirudi na matokeo ya kupendeza, idara ikapokea nusu, wakarudia mwaka huku wenzao wanavaa joho.

La pili, ukienda mahali panapofundishwa Kiswahili utageuzwa kamusi inayotembea. Usifunge safari ya Ulaya kwenda kukaa kwenye darasa la Kiswahili cha kwanza. Tafuta ambacho kwenu ni haba: fonetiki ya maabara, isimu ya kompyuta, nyaraka za zamani. Na uulize kinafundishwa kwa lugha gani. Shahada ya kwanza Ujerumani, masomo mengi ni Kijerumani.

Kansai Bongo
Mwalimu, nakubali la kozi, hilo la kamusi hapana. Mjapani mmoja aliniuliza kwa nini tunasema "anakula" ila tukikanusha tunasema "hali", ile "ku" inakwenda wapi. Nilikuwa na A ya sarufi na sikuwa na jibu. Maswali ya wanaojifunza ni shule tosha.

Mwalimu Kimya
Shule tosha, lakini haiingii kwenye transkripti.

Kijana wa Ubungo
Asanteni sana wakuu. Na ratiba? Tuna mafunzo kwa vitendo kwenye likizo ndefu.

Dada Franken
Ujerumani vipindi vinaanza katikati ya Oktoba hadi Februari, kisha katikati ya Aprili hadi Julai. Huo mwanya wa katikati si likizo, ndipo unapoandika insha ndefu za semina.

Kansai Bongo
Japani mwaka wao unaanza Aprili. Ukiingia Oktoba, muhula wako wa pili unaweza kukufikisha Agosti. Mafunzo kwa vitendo yatagongana.

Kijana wa Ubungo
Hapo kwenye Agosti ndipo Osaka inaponiumiza. Nimemwandikia mratibu wa idara anipe orodha ya kozi walizowahi kuzitambua kutoka vyuo vyote vitatu. Kijerumani nimefika A2, ngazi ya pili kati ya sita, pale taasisi ya Goethe, Dar. Kinatosha?

Dada Franken
Dukani, ndiyo. Darasani, hapana. Fungua orodha ya vipindi ya kila chuo uhesabu vinavyofundishwa kwa Kiingereza muhula wa Oktoba. Bayreuth na Leipzig hawatalingana. Na bweni liombe siku ileile unayopata barua ya kukubaliwa, ukingoja viza itoke hutakuta chumba.