Mrejesho: bastola ya mwenzetu ghalani

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaeleza kwamba mwenzetu mmoja katika ghala la vipuri hapa Kampemba, Lubumbashi, huja kazini na bastola chini ya koti, nikawauliza kama ninyamaze. Wengi mlinishauri nisimkabili mbele ya watu, bali nizungumze faraghani na mkuu wa utumishi, na ndivyo nilivyofanya.

Mkuu hakupiga kelele. Alimwita mwenzetu yule, ambaye twamwita Papa (ana umri wa baba yangu, na sote twamheshimu) jioni, wafanyakazi walipokwisha kuondoka, akamwomba kibali cha silaha, naye hakuwa nacho. Sheria ya Kongo ya silaha na risasi ya mwaka 1985 haimruhusu raia kubeba bastola bila kibali cha serikali, na hata walinzi wa kampuni binafsi wanaotulindia lango hawabebi bunduki. Kazi hiyo huachiwa polisi. Papa alieleza kwamba ameporwa mara mbili akirudi nyumbani usiku, nami nilimwamini, kwa maana njia ile naijua. Hata hivyo, sisi hushinda tukiinama, tukibeba masanduku mazito na kupigana vikumbo, na bastola iliyofichwa kiunoni yaweza kufyatuka wakati wowote.

Silaha ilikabidhiwa polisi mbele ya wakili. Papa amesimamishwa kazi kwa muda, na gari la kampuni sasa huwarudisha nyumbani wanaomaliza zamu ya usiku, jambo ambalo tulilihitaji tangu zamani. Hapokei simu zangu. Jumapili nitakwenda kwake pamoja na mzee wa kanisa.