The Wire, Columbo au Forbrydelsen: ipi inavunja zaidi kanuni za tamthilia za upelelezi?

Mlinzi_wa_Rimoti: Wakuu, nimechoshwa na tamthilia za polisi za mtindo ule ule: maiti dakika ya pili, majibu ya maabara chapchap, muuaji anakiri kabla ya matangazo. Nimetajiwa hizi tatu. Nianze na ipi?

MamaShani: Columbo, mwanangu. Muuaji unamwona mwanzoni, na jinsi alivyopanga unaijua. Utamu ni kumtazama Peter Falk, anayeigiza mpelelezi Columbo, na koti lake lililochakaa akimzungukia tajiri mwenye kiburi, maswali ya kipuuzi moja baada ya jingine, mpaka anajikaanga mwenyewe. Tafuta "Murder by the Book" ya 1971, aliiongoza Steven Spielberg akiwa bado kijana.

Kijiwe_Bandarini: Shikamoo Mama Shani. Columbo tamu, ila inavunja kanuni moja tu. Mwisho mkosaji ananaswa na sote tunalala salama. The Wire (HBO, 2002 hadi 2008, sehemu 60) haikupi hiyo raha. Polisi wa jiji la Baltimore, Marekani, wanatumia msimu mzima kunasa mazungumzo ya simu za wauza unga, wanakamata wachache, na biashara inaendelea kesho yake. Wakubwa wao wanataka takwimu nzuri tu. Upande wa pili, Stringer Bell, mmoja wa wakubwa wa genge, anasomea uchumi chuoni kisha anaendesha vikao vya genge kwa taratibu za mkutano! Msimu wa pili unahamia bandarini, wa nne unaingia shuleni, na huo wa shule ndio bora kuliko yote. Waliyoiandika: David Simon alikuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, Ed Burns alikuwa mpelelezi wa mauaji kisha akawa mwalimu. Wanayajua wanayoyasema.

Jicho_Kavu: Msimu wa tano wa The Wire unapwaya, tusidanganyane. Ile hila ya mpelelezi McNulty mimi hainiingii kabisa. Forbrydelsen ya Denmark, msimu wa kwanza (2007), ina kesi moja kwa sehemu 20, na kila sehemu ni siku moja. Kwingine familia ya marehemu inalia kidogo halafu inasahaulika. Hapa unakaa na wazazi wa Nanna, binti aliyeuawa, jikoni kwao, msiba unawala taratibu.

Kijiwe_Bandarini: Kwenye msiba nakuunga mkono. Lakini kila sehemu inakuachia mshukiwa mpya ili urudi tena. Hiyo si ndiyo kanuni yenyewe?

Jicho_Kavu: Sawa, hapo umenibana. Lakini nililia.

Mlinzi_wa_Rimoti: The Wire basi. Lugha ya mtaani ya kule nitaiweza?

Kijiwe_Bandarini: Washa manukuu, na usikate tamaa kabla ya sehemu ya nne. McNulty na mwenzake Bunk wanakagua jiko palipouawa mtu, na karibu mazungumzo yote ni tusi moja tu, ila unaelewa kila wanachokigundua. Usiitazame sebuleni na wakwe.