Pasta anataka kuwania MCA 2027 na hataki kuachia madhabahu, mnasemaje?

Katibu_Kajulu (Kisumu)

Bwana asifiwe wapendwa. Niko Kisumu upande wa Kajulu, kanisa letu ni la kawaida tu, ukuta wa mabati na viti vya plastiki, na mimi ndio katibu wa baraza la wazee kwa hivyo daftari la washirika linakaa kwangu. Sasa juzi pasta akamaliza mahubiri, badala ya kufunga na neema akatuambia tukae kidogo, akasema Mungu amemwonyesha awanie kiti cha MCA, yaani mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti, Agosti 2027. Makofi, vigelegele, mama wa ushirika mmoja akaanzisha wimbo.

Kuwania si shida yangu, kila Mkenya ana haki. Shida ni kwamba anasema hatoki kwa uchungaji, Jumapili atahubiri kama kawaida halafu kampeni ni katikati ya wiki. Ukimuuliza anakupa Yusufu aliyesimamia Misri, Danieli kule Babeli, na Mithali 29:2, wenye haki wakiwa na amri watu hufurahi. Na wiki hii amenipigia simu nimtayarishie orodha ya washirika wote, jina, namba ya simu na kituo cha kupigia kura, ati ni ya maombi. Nikamuuliza pasta, kituo cha kupigia kura na maombi vinakutana wapi? Akacheka akasema katibu wewe una maswali mengi.

Huyu mtu alimzika baba yangu, simchukii hata kidogo. Lakini nataka kujua, mtu anaweza kushika fimbo ya mchungaji na fimbo ya serikali mkono mmoja? Na hiyo orodha nitoe ama nisitoe?

Katekista_Mstaafu (Nakuru)

Pole ndugu katibu. Kwetu Wakatoliki hii maneno imefungwa na sheria, kanuni ya 285 ya sheria za kanisa inakataza padre kushika cheo cha umma chenye mamlaka ya serikali ndani yake, kwa hivyo padre akishikwa na hamu ya siasa anajua lazima achague. Nyinyi wa makanisa ya kujitegemea hamna mtu wa juu wa kuwaamulia, lazima mkae chini wenyewe muamue, na ndiyo maana nashukuru umeuliza mapema kabla mabango hayajachapishwa.

Mimi nimezeekea Nakuru. Askofu wetu alikuwa Ndingi Mwana a'Nzeki, alikuwa hapa kutoka 1971 mpaka 1996, na yale mapigano ya 1991 na 1992 yalipofika Molo na Olenguruone watu wakachomewa nyumba wakaja kulala kwenye viwanja vya makanisa, yeye na maaskofu wenzake walisema waziwazi kwamba serikali haiwezi kujifanya haioni. Enzi hizo kusema hivyo haikuwa mchezo. Sasa jiulize, kama angekuwa anatafuta kiti Nakuru hii yetu yenye makabila yote, angefungua mdomo? Angeanza na hesabu, hawa wana kura ngapi na wale wana ngapi, nikiwatetea hawa nitapoteza wapi. Watu walimsikiliza kwa sababu walijua hakuna kitu anawaomba.

Muge naye, yule askofu wa Anglikana wa Eldoret. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alitamka hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai, akaenda, akahubiri, akafa kwa ajali ya barabara akirudi nyumbani. Mtu anayetafuta kura angeahirisha hiyo safari, na wala hakuna mtu angemlaumu.

Ukipata nafasi soma Mambo ya Nyakati ya pili mlango wa 26. Mfalme Uzia hakuwa mtu mbaya, alijenga, alichimba visima, alipenda kilimo. Lakini akapata nguvu nyingi moyo ukapanda, akaingia hekaluni afukize uvumba mwenyewe. Kuhani Azaria akamfuata na makuhani themanini, wakamzuia mbele ya madhabahu, wakamwambia hii si kazi yako, toka. Themanini! Siku hizi mheshimiwa akiingia na bahasha utapata makuhani themanini wanamtafutia kiti cha mbele.

Kijana_wa_Lurambi (Kakamega)

Wazee heshima yenu lakini mimi nitakuwa mbishi kidogo. Kila siku mnalia viongozi ni wezi, akitokea mtu anaogopa Mungu akataka hicho kiti mnamwambia rudi kwa mimbari. Sasa tuachie nani? Wale wa kugawa mia mbili mia mbili na unga? MCA ndiye anapitisha bajeti ya kaunti, ndiye anajua kama pesa ya zahanati ya wadi ilienda zahanati ama ilienda kwa mtu. Hiyo kazi inahitaji mtu asiyeweza kununuliwa.

Na hii si kitu kipya. Mchungaji Mutava Musyimi alikuwa katibu mkuu wa NCCK, lile baraza la kitaifa la makanisa Kenya, miaka mingi, 2007 akachaguliwa mbunge wa Gachoka. Mwaka huohuo Askofu Margaret Wanjiru akachukua Starehe. Mbingu haikuanguka. Danieli alifanya kazi chini ya wafalme wapagani na hakuna mahali Biblia inamlaumu.

Mama_Butere

Kijana wangu umejijibu bila kujua. Musyimi aliacha ofisi ya NCCK kwanza ndipo akaenda kutafuta kura. Ndiyo hiyo tu katibu anaomba, mtu aache kimoja. Na Danieli hakuwa kuhani, hakuwa na madhabahu Babeli, alikuwa mfanyakazi wa serikali ambaye anaomba Mungu nyumbani kwake dirisha likiwa wazi. Washirika kama yeye tunataka wengi sana, hata wawe magavana.

Mimi nataka kusema ile siku ya Butere maana watu husahau. Septemba 2021, Rose Okeno anawekwa wakfu kuwa askofu wetu, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa dayosisi kwa Anglikana Kenya, siku yetu kubwa, na wanasiasa wakubwa wamejaa, Raila yuko, Mudavadi yuko. Askofu Mkuu Ole Sapit akasema hapana, mnakaribishwa kuabudu kama wengine lakini mimbari ni ya wahubiri, siasa mkafanye huko nje ibada ikiisha. Wengine walinuna, ati wageni wamekosewa heshima, na sisi Waluhya mgeni asiposalimia watu tunaona haya. Lakini hebu fikiria, mama anawekwa askofu halafu kesho yake gazeti linaandika nani alimrushia nani maneno. Ingekuwa siku ya nani hiyo?

Lakini nisiwadanganye, maiki ilifungwa mlango mwingine ukabaki wazi. Mheshimiwa hasalimii tena, anakaa mbele na miwani yake, halafu jioni mweka hazina anapata ujumbe wa M-Pesa. Hii nayo tuliiongelea kwa mkutano wa akina mama tukashindwa kuelewana, kwa sababu kusema ukweli paa la ile nyumba ya mchungaji lilikuwa linavuja na sadaka yetu ya mahindi na kuku haiwezi kununua mabati. Anyolo, yule aliyekuwa Askofu Mkuu wa Katoliki huko kwenu Kisumu kabla aende Nairobi, Novemba 2024 alisema pesa za Rais Ruto zilizotolewa parokia ya Soweto kule Nairobi zirudishwe, laki sita za kwaya na baraza la parokia na milioni 2 za nyumba ya padre. Tulimpigia makofi wote kwenye simu. Sasa wangapi kati yetu siku iliyofuata tuliongeza sadaka? Mimi bado najiuliza. Mchungaji mwenye njaa atakula kwa mtu, na ukila kwa mtu huwezi kumkemea.

Katibu_Kajulu

Asanteni sana. Mama wa Butere umegusa penye kidonda, pasta wetu hana mshahara wa maana, anaishi na fungu la kumi na mwezi wa karo linakauka kabisa. Nadhani hata hii MCA imetoka hapo, ingawa siwezi kusema hivyo mbele ya baraza.

Wazee wamegawanyika. Wengine wanasema akishinda tutapata lami mpaka mlango wa kanisa. Mzee mmoja akauliza na akishindwa? Kukawa kimya. Manake kanisani tuna watu wa vyama tofauti, tuna mshirika ambaye shemeji yake pia anawania kiti hichohicho, huyo Jumapili atakaaje pale mbele asikie mahubiri?

Mhubiri_wa_Kibuye (Kisumu)

Omera hilo la huyo shemeji ndilo kiini chenyewe. Refa wa mpira hawezi kuchezesha timu ya Gor na ya Shabana akiwa amevaa jezi ya Gor, hata akipuliza firimbi kwa haki namna gani, upande mmoja hautamwamini.

Na wachungaji wa nchi hii walishaliona zamani. KANU, chama kilichokuwa kinatawala, kilipoleta ile kura ya mlolongo, mtu unasimama nyuma ya mgombea ama picha yake watu wote wanakuona, wachungaji wa NCCK mwaka wa 1986 walikataa. Sababu moja ilikuwa hii hii yako, mchungaji akisimama kwenye mstari wa mmoja, wale wa mstari mwingine kesho atawapaje meza ya Bwana? Askofu Okullu hapa kwetu Maseno Kusini alikuwa kati ya waliopinga mlolongo kwa sauti kubwa. Hao walikuwa wanakataa kuonekana tu nyuma ya mgombea. Wa kwenu anataka kuwa mgombea mwenyewe, watu wasimame nyuma yake, halafu Jumapili awape mkate.

Kijana wa Lurambi hoja yako haijanipita, kweli tunahitaji watu safi huko kaunti. Lakini angalia Yesu, Yohana 6. Amelisha watu elfu tano, wameshiba, wanataka kumshika wamfanye mfalme kwa nguvu, kura zote ziko mfukoni bila kampeni. Akafanya nini? Akajitenga akaenda mlimani peke yake. Hakukimbia kwa sababu serikali ni chafu, maana kodi alisema ilipwe na mbele ya Pilato alisema mamlaka ya Pilato imetoka juu. Alikataa kwa sababu wale watu walimtaka kwa ajili ya mkate, na mtu aliyekuchagua kwa mkate utamwambia nini kesho cha kumuudhi? Sura hiyohiyo akaendelea kuwaambia maneno magumu, wengi wakaondoka, akawageukia wale kumi na wawili akawauliza kama nao wanataka kwenda. Mgombea gani anaweza kuuliza hivyo?

Kuna pia Amosi 7. Amazia kuhani wa Betheli anamfukuza Amosi, anamwambia usitabiri hapa tena, hapa ni mahali patakatifu pa mfalme. Sikia vizuri, pa mfalme, Mungu hata hajatajwa. Kuhani mwenyewe ndiye amekuwa askari wa lango. Mfalme hakuhitaji kutuma mtu.

Kwa hivyo ushauri wangu, baraza limpe pasta njia mbili kwa heshima, akitaka kuwania apewe likizo kutoka leo mpaka kura ihesabiwe na mtu mwingine ahudumu, ama aache hiyo ndoto abaki, lakini mkae pia muongelee mshahara wake kwa ukweli. Mkimkataza siasa na njaa mkamwachia mtakuwa mmemwonea.

Kijana_wa_Lurambi

Hapo kwa likizo nakubali. Na akishinda asirudi madhabahuni mpaka amalize miaka mitano.

Karani_Milimani (Nakuru)

Mmehubiri vizuri lakini swali la orodha hamjajibu. Katibu usitoe. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mtu akikupa namba yake ya simu kwa sababu ya kanisa huwezi kuichukua ukaitumia kwa kampeni bila yeye kukubali. Na mambo ya imani ya mtu yanahesabiwa kuwa data nyeti, kwa hivyo orodha ya washirika si kama orodha ya wateja wa duka. Mwambie pasta anayetaka kumpa namba ampe mwenyewe, kwa hiari yake, nje ya ibada. Halafu weka hilo kwa kumbukumbu za kikao ili kesho isionekane ni wewe unampinga.

Swali moja, kundi la WhatsApp la kanisa, admin ni nani?

Katibu_Kajulu

Ni yeye. Na ameshabadilisha picha ya kundi, sasa ni yeye akiwa na suti na kipaza sauti.

Karani_Milimani

Basi namba anazo tayari. Hiyo iwe ajenda ya kwanza kabla hata ya likizo.