"Kuku wanakufa, dawa?" Watu wa namna hii mnawajibuje?

MamaBanda_Kihonda

Habari za jioni wafugaji. Leo siulizi kuhusu kuku, nauliza kuhusu watu.

Nafuga kuku chotara hapa Kihonda, Morogoro. Kila usiku nikishafunga banda nakaa na simu najibu maswali ya wafugaji wapya. Silipwi, ila nina sababu. Mwaka 2019 nilizika vifaranga 140 kwa uzembe wangu mwenyewe: chanjo ya gumboro, ule ugonjwa wa kirusi unaoua vifaranga, niliikoroga kwenye maji ya bomba yenye klorini. Chanjo ilikufa ndani ya ndoo, mimi najua nimeshachanja. Wiki ya nne wakaanza kujikunyata, manyoya yamesimama, asubuhi unaokota kumi, jioni kumi na tano. Sitaki mwingine apite hapo.

Sasa juzi kaja mtu: "Kuku wanakufa, dawa?" Salamu hakuna, umri hakuna, picha hakuna. Nikamwandikia aya nne. Nikatuma na sauti ya dakika tatu, naeleza kideri (mdondo) kikoje, kuhara damu kukoje, chanjo za siku ya 7, 14, 21 na 28, mpaka habari ya maji ya kisima. Akajibu: "Kwa hiyo dawa gani?"

Nikazima simu. Ugali ulikuwa umeshapoa, mume wangu ananicheka.

Nikimkaripia nitaonekana nina roho mbaya. Nikinyamaza, kuku hawana kosa. Nikiendelea kumtafunia, kesho anarudi na lilelile. Nyie mnafanyaje?

Jembe_Bila_Mpini

Achana nao dada. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, hawa wanataka uwainulie kitanda. Mimi swali la maneno matatu napita kama sijaona.

BwanaMifugo_Mstaafu

Mama, pole na ugali.

Kumjibu hukukosea. Ulikosea kumpa yote kabla hujajua kuku wake wana nini. Swali fupi mimi nalijibu kwa maswali mafupi: wana umri gani, kinyesi kina rangi gani, walichanjwa lini mara ya mwisho. Sentensi moja tu, natuma, naenda kuoga. Akijibu hata moja kati ya hayo naendelea naye. Asipojibu, nimepoteza nusu dakika na sijamtukana mtu.

Ila jina la dawa sitoi kwa aliyekaa kimya, hata abembeleze. Kinyesi cha kijani na shingo inapinda, mara nyingi hapo ni kideri. Hicho ni kirusi, hakina dawa, kina chanjo tu. Ukimtajia antibayotiki ili akuondokee, atanunua, atakoroga, kuku watakufa vilevile, na mayai ya waliobaki atayauza yakiwa na dawa ndani. Mwenye kinyesi cha damu naye ana mambo yake tofauti kabisa. Utamjuaje kama hajakwambia?

Halafu mjibu mbele ya watu, usimfuate pembeni. Wako wengi wanasoma kimya na shida yao ni ileile.

Sasso_wa_Mbagala

Naomba niseme kwa niaba ya washtakiwa, maana nilikuwa mmoja wao.

Niliwahi kuandika "kuku wanazubaa nipeni dawa". Nilikuwa nimesimama kaunta kwenye duka la pembejeo, muuzaji ananiuliza nataka ipi, nyuma yangu kuna foleni, bando limebaki la kuhesabu. Sikuwa mvivu. Sikujua tu kwamba kinyesi kinaangaliwa! Nani angenifundisha? Mtu mmoja akanijibu "tumia akili", watu wakaweka vicheko chini yake. Nilikaa miezi sita siulizi kitu, na kuku 40 wakaisha humo humo. Angeniuliza tu kinyesi kikoje, ningetoka kwenye ile foleni nikarudi nyumbani kuangalia.

Jembe_Bila_Mpini

Sawa mdogo wangu, lakini hata salamu ilikuwa inakula bando?

Sasso_wa_Mbagala

Hapo sina utetezi kaka.

MamaBanda_Kihonda

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na nimejiona. Zile aya nne nadhani nilikuwa namjibu yule mimi wa 2019, huyu wa juzi hata sikuwa nimemsikiliza. Sasso, pole sana. Jembe, wewe nawe una lako.

Nimemrudia yule bwana saa tatu hii, mstari mmoja tu: "Kinyesi chao kina rangi gani?"

Kajibu "sijui". Nikaiweka simu chini, nikasema basi, mzee kaniponza. Nimemaliza kuosha vyombo nakuta ujumbe mwingine: "Subiri mama, natafuta tochi."

BwanaMifugo_Mstaafu

Marahaba. Mwambie apige na picha, na avue viatu kabla hajarudi ndani.