Kizuizi cha HSP90 kimepandisha HSP70: je, jaribio limeharibika?

Mwanafunzi wa uzamili
Walimu wangu, shikamooni. Nimeziwekea seli za saratani ya matiti aina ya SKBR3 kemikali ya 17-AAG, kizuizi cha HSP90 (mojawapo ya protini za mshtuko wa joto, ambazo husaidia protini nyingine zikae katika umbo lake), kwa saa 24, kisha nikapima protini kwa kingamwili, ambapo kila protini huonekana kama mstari. Mstari wa HER2, protini inayochochea ukuaji wa seli hizi, karibu umetoweka, lakini ule wa HSP70, protini nyingine ya mshtuko wa joto, ambao katika seli zisizowekewa kemikali ulikuwa kivuli tu, umetokea mweusi na mnene. Nilitarajia kwamba kizuizi cha protini za mshtuko wa joto kingezipunguza zote. Je, nimekosea wapi?

Mtafiti, biokemia
Marahaba. Hukukosea, na tafadhali usizitupe sampuli hizo. 17-AAG haizuii protini zote za jamii hiyo. Hujipachika kwenye kishimo cha HSP90 ambamo ATP (molekuli ya nishati ya seli) hukaa, na protini kama HER2, AKT na RAF, ambazo huitegemea HSP90 ili zidumu katika umbo lake, huachwa bila mlezi na kupelekwa kwenye proteasomu zikavunjwe. Wakati huohuo HSF1, protini ya kuwasha jeni ambayo HSP90 ilikuwa imeishikilia, huachiliwa, huungana tatutatu na kuwasha jeni ya HSP70. Kwa hiyo kushuka kwa HER2 pamoja na kupanda kwa HSP70 ndiyo alama kwamba kizuizi kimefika mahali pake. Hata hivyo HSP70 huikinga seli isife, nami naona jambo hili hupuuzwa mno: pima vifo vya seli kwa kipimo chake chenyewe, usivikisie kutokana na HER2.

Msimamizi wa maabara
Weka pia seli zilizopewa DMSO tupu (kiyeyusho cha 17-AAG) kwa kiasi kilekile, na nyingine zilizopashwa joto la nyuzi 42 kwa saa 1, ili uione HSP70 ikipanda bila kemikali yoyote.

Mwanafunzi wa uzamili
Ahsanteni sana. Mbona basi 17-AAG haijawa dawa ya hospitalini?

Mtafiti, biokemia
Kemikali ambayo 17-AAG ilitengenezwa kutokana nayo, jeldanamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo *Streptomyces hygroscopicus*, iliumiza ini mno. 17-AAG ilipunguza madhara hayo bila kuyaondoa, tena huyeyuka kwa shida katika maji. Kizuizi cha HSP90 kilichopata idhini ni pimitespib, huko Japani mwaka 2022, kwa uvimbe wa GIST (aina ya saratani ya tumbo na utumbo) uliokwisha kuendelea licha ya dawa nyingine. 17-AAG yenyewe imebaki chombo cha maabara, na kwa swali lako inatosha.