Naigiza mlevi Jumamosi na woga umenishika, naombeni ushauri wakuu

Kijana wa Isevya
Wakuu habari za majukumu. Niko Tabora mjini, miaka 27, fundi simu. Mwezi uliopita nilijiunga na kikundi cha sanaa cha mtaani, tunaandaa igizo kuhusu wazazi wanaoozesha mabinti wakiwa bado shule. Mimi nimepewa baba: mlevi, anamtoa binti wa kidato cha pili kwa ng'ombe. Tangu ngonjera za shule ya msingi sijasimama mbele ya watu.

Maneno nayashikaje? Nikiwa peke yangu yote ninayo, mbele ya wenzangu yanayeyuka. Mikono naiweka wapi? Na mlevi anaigizwaje, maana mimi sinywi? Tunaonyesha Jumamosi jioni, uwanjani, bila maiki. Usiku silali.

Babu Tumbaku
Kunywa.

Mama Asali
Babu acha hizo. Mdogo wangu, mimi nilipita Bagamoyo wakati bado kinaitwa Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa mwaka 2007. Usikariri ukiwa umekaa. Kariri ukifagia, ukichota maji, ukitembea kwenda kazini, maneno yashikane na mwili. Na usishike ya kwako tu. Shika neno la mwisho la mwenzako, maana hilo ndilo linalokuita. Ukisahau usigande kama mlingoti, jikohoze, funga kamba ya kiatu, mwenzako atakudaka.

Mikono inasumbua kwa sababu mhusika hana kazi. Mpe fimbo, mpe kibuyu, mikono itajua pa kwenda.

Sauti: usipige kelele, utakauka koo kabla igizo halijafika nusu. Vuta pumzi mpaka tumboni na umalize kila neno, maana wa nyuma huwa wanakosa miisho.

Mlevi sasa. Wanaoanza wote wanapepesuka na kukokota ulimi. Mlevi wa kweli anajitahidi aonekane hajalewa. Anapanga hatua, anachagua maneno, anafunga kifungo kwa uangalifu mkubwa halafu anakosea tundu. Igiza hiyo juhudi.

Mzee wa Cheyo
Mmenikumbusha mbali. Shuleni mwaka 1978 nilikuwa askari mwenye mkuki, sentensi moja tu: "Bwana, wamefika." Nikasema "Bwana, tumefika." Vita ikaisha hapohapo, mfalme akatoka jukwaani anacheka. Mpaka leo rafiki zangu wananiita Tumefika.

Vijana hamjui tu kwamba mji huu una historia. Mwalimu Nyerere alisoma hapahapa Tabora, akafundisha hapahapa, na baadaye akamtafsiri Shakespeare. Tafsiri ya kwanza ilitoka 1963, nchi nzima iko mabegani mwake. Ninyi mnashindwa kukariri ukurasa mmoja na simu mnazo.

Fundi wa Ipuli
Mzee umeshajibu swali lako mwenyewe, tuendelee. Mleta uzi, kuna kitu unaficha. Igizo la bure, watazamaji ni watu wa mtaani kwenu, wewe hulali? Nani anakuja?

Kijana wa Isevya
Hilo si la muhimu sana. Baba mkwe mtarajiwa atakuwepo. Amealikwa kama mzee wa mtaa, anakaa mstari wa mbele.

Mama Asali
Basi usimtafute kwa macho. Chagua kitu nyuma ya watu, mti au nguzo, useme na huo. Ukigongana macho na ndugu yako mara moja umekwisha.

Fundi wa Ipuli
Mama subiri kidogo. Huyo baba mkwe anakunywa?

Kijana wa Isevya
Kidogo.

Fundi wa Ipuli
Kidogo cha wapi?

Kijana wa Isevya
Sawa, niseme tu. Mhusika nimemtoa kwake. Mwongozaji alituambia kila mtu amchunguze mtu anayemjua, nami nikachunguza. Kujikohoza kwake kabla ya kusema, kugonga fimbo chini mara mbili, na ule msemo wake, "mimi sibishani na watoto, natangaza." Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Pama lake ninalo, mchumba wangu alilitoa msumarini nyuma ya mlango, halivaliwi siku hizi. Lakini walevi wote wanafanana, hawezi kujitambua.

Binti Kaliua
Mahari umemaliza?

Kijana wa Isevya
Kati ya ng'ombe wanane nimebakiza watatu.

Binti Kaliua
Aaah! Basi wewe huigizi, unadai chenji.

Babu Tumbaku
Kama mzee ni Mzaramo, mwambie ni utani tu, Mnyamwezi na Mzaramo wamesameheana makubwa kuliko haya.

Mzee wa Cheyo
Mkwe hana utani. Nilivyolelewa mimi, mkwe ukimwona anakuja njiani unatafuta pa kupisha. Wewe unataka kumvaa kichwani.

Mama Asali
Kuchunguza ni kazi ya mwigizaji, hapo hujakosea. Lakini watu unawachanganya. Kikohozi cha huyu, mwendo wa yule, sauti ya shangazi yako. Ukimbeba mtu mmoja mzimamzima mpaka na kofia yake, hapo unasengenya kwa sauti ya juu. Swali: mwishoni mnasimamisha igizo na kuita watazamaji?

Kijana wa Isevya
Ndiyo. Mwongozaji anamwita mtu achukue nafasi ya mhusika, aonyeshe yeye angefanyaje.

Mama Asali
Mtindo wa Augusto Boal wa Brazil huo. Na uwanjani kwenu, kwa heshima, wa kwanza kuitwa ni nani?

Fundi wa Ipuli
Mzee wa mtaa 😂😂😂 Anapanda kuchukua nafasi yake mwenyewe!

Kijana wa Isevya
Hilo sikuliwaza. Ila wakuu mnanielewa vibaya, mimi sina kinyongo na mtu. Kubadilisha sasa nitawaangusha wenzangu. Na fimbo nimeshaibadilisha, nitashika mwavuli.

Mdadisi wa Nzega
Nimesoma uzi wote kimyakimya. Hii chai. Mtu asiyelala kwa woga hawezi kutoa habari kipande kipande hivi, kwanza mkwe, halafu pama, halafu ng'ombe, kila kimoja kwa zamu yake kama vitendo vya tamthilia. Huyu ni mtunzi, amekwama na mwisho wa igizo lake, na sisi tunamwandikia bure. "Natangaza" ni sentensi ya mezani kabisa hiyo.

Binti Kaliua
Hata mimi pama lilinitia shaka. Tupia picha.

Babu Tumbaku
Chai au si chai mimi nimeshamaliza kikombe. Ongeza.

Kijana wa Isevya
Kwa hiyo fundi simu hawezi kupanga maneno? Kutwa nasikiliza watu wakinidanganya simu zilivyoingia maji. Picha siweki, pama lina jina lake ndani kwa kalamu ya wino.

Mdadisi wa Nzega
Jina ndani. Sawa mtunzi.

Mama Asali
Chai au kweli, maswali ya mwanzo yalikuwa ya kweli, na wanaoanza wako wengi humu. Kijana, una siku mbili. Toa kikohozi, toa msemo, mpe baba mwendo mwingine. Maneno ya igizo hayabadiliki hata moja, mwongozaji hatakuuliza.

Kijana wa Isevya
Nitafikiria. Msemo ndio unaochekesha lakini.

Kijana wa Isevya
MREJESHO. Mchumba amepiga sasa hivi. Baba amegeuza nyumba nzima tangu asubuhi, anatafuta pama lake. Anataka kulivaa Jumamosi.

Mdadisi wa Nzega
Hii sasa naiamini. Uko wapi, Isevya sehemu gani?